Soko moja bila haki si amani

Raia wenzetu,

Kuko neno moja linarudi-rudi mu midomo ya wakubwa: ushirikiano wa kiuchumi. Tarehe 27 Juni 2025, kule Washington, mawaziri wa mambo ya inje wa Congo na Rwanda walitia sahihi makubaliano ya amani, na ndani yake waliweka ahadi ya kuunganisha uchumi wa eneo letu. Miaka tatu mbele ya hapo, tarehe 8 Aprili 2022, Rais wetu alitia sahihi Nairobi ili Congo iingie mu Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na wazazi wetu walishaona CEPGL ya mwaka 1976. Kila mara wimbo ni ule ule: tukiuziana, hatutapigana tena.

Sisi tunauliza: ni kweli? Na kama si kweli kabisa, nini inapunguka?

Hatuulizi juu ya kupinga tu. Tunauliza juu ni sisi njo tutaishi ndani ya yale yanayoandikwa kule mbali. Wengi kati yetu tulisoma sosiolojia ku iniversite. Tulikariri majina ya Durkheim, Wallerstein na Granovetter, tukapita mitihani, makaratasi yakabaki chini ya kitanda. Leo tumeyatoa. Tumeona ya kama wale wazee wa vitabu wanaweza kutusaidia kusema kwa sauti kile mama mwenye beseni ya nyanya ku kichwa anajua tayari.

Mama alivuka mbele ya mkataba

Nenda Birere asubuhi na mapema. Kutoka pale mpaka Petite Barrière ni hatua kidogo. Mbele ya korona, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wanavuka pale kila siku, kwenda na kurudi kati ya Goma na Gisenyi. Ni moja kati ya mipaka inayopitiwa kwa mguu na watu wengi zaidi mu Afrika. Wachuuzi wengi ni wamama. Maziwa, nyanya, karoti na viazi vinatoka upande moja. Vitenge na vitu vingine vya duka vinatoka upande mwingine. Kuko ndugu zetu walemavu wenye vigari vya mikono, wanaobeba mizigo yao na ya wengine. Kuko vijana wa kubeba, kuko wabadilisha feza, kuko mtoto anayeuza maji baridi.

Hakuna rais aliyewaunganisha wale watu. Hawakungoja saini. Mama wa Goma anapewa bidhaa asubuhi kwa deni na mama wa Gisenyi, analipa jioni ao kesho yake. Wanaitana kwa jina la mtoto wa kwanza. Mmoja akifiwa, mwingine anajua.

Mwanasosiolojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika mu mwaka 1985 ya kama biashara haielei hewani. Imepandwa ndani ya mahusiano ya watu, kama muhogo mu udongo. Mtu anakuuzia juu anakujua, ao juu anajua mtu anayekujua; bei peke yake haitoshi. Mbele ya hapo, mu mwaka 1973, alionyesha kitu kingine: mafungamano mepesi, yale ya kujuana kidogo tu, mara nyingi njo yanakuletea habari ya kazi na ya soko kuliko ndugu wa nyumba moja. Ndugu yako anajua yale unayojua. Mtu wa ng'ambo anajua usiyoyajua: wapi bei imeshuka, wapi viazi vimeoza, nani anatafuta vitenge kwa ndoa ya Jumamosi.

Sasa fikirini. Mwezi wa tatu mwaka 2020 mipaka ilifungwa juu ya korona. Ilipofunguka tena haikufunguka kama zamani. Mwezi wa sita mwaka 2022, wakati vita vilirudi, masaa yalikatwa na mpaka ukaanza kufungwa saa tisa ya mchana. Wakubwa walihesabu tani za mizigo. Sisi tunahesabu kitu kingine: deni la kuaminiana lililokatika, majina yaliyosahaulika, mama aliyekuwa na safari mbili kwa siku akabaki na moja, na mtaji ukaliwa na chakula cha watoto. Bei ya nyanya inaweza kurudi mu wiki moja. Kuaminiana kunachukua miaka.

Fundisho la kwanza njo hili: ushirikiano uko tayari, uko chini. Kazi ya mkataba si kuuzaa. Kazi yake ni kutouua.

Durkheim hakusema ile munayosema

Mu mwaka 1893 Mfaransa Emile Durkheim alitoa kitabu juu ya mgawanyo wa kazi mu jamii. Aliuliza swali jepesi: nini inashikanisha watu? Zamani, alisema, watu walishikamana juu wanafanana: kazi moja, imani moja, mila moja. Mu jamii kubwa za leo watu wanashikamana juu wanatofautiana, kama viungo vya mwili. Moyo haufanyi kazi ya mapafu, lakini kimoja kikisimama, kingine hakiendi mbali. Mlimaji anahitaji fundi, fundi anahitaji mwalimu, mwalimu anahitaji mlimaji.

Wale wanaosema "tukiuziana hatutapigana" wanasimama hapo, hata kama hawakufungua kile kitabu. Wewe leta maziwa, mimi nilete madini, yule alete bandari, na kila mmoja ataogopa kumpiga mwenzake. Ni wazo zuri. Tungetaka liwe kweli.

Ila wanafunga kitabu mapema. Mu sehemu ya mwisho Durkheim mwenyewe anaonya ya kama kuko mgawanyo wa kazi usiozaa mshikamano. Moja ni ule usio na sheria inayojulikana, kila mtu anafanya anavyoweza, aliuita anomia. Mwingine ni mgawanyo wa kulazimishwa: mtu yuko ku nafasi yake si juu anaiweza ao aliichagua, ila juu nguvu ilimuweka pale. Na hapo anasema jambo ambalo tungetaka kila mwanadiplomasia aliandike ku ukuta wa ofisi yake: mkataba hauwezi kuwa wa haki kama wanaoandikiana hawakufika ku meza wakiwa sawa. Mmoja akiwa na njaa, na mwingine ana chakula na bunduki, saini ya mwenye njaa si ukubali. Ni kusalimu.

Tuangalie kwetu. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko chini ya AFC/M23, na tangu Februari Bukavu vilevile. Mabanki yalifunga milango. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Watu waliokuwa mu kambi za wakimbizi walisukumwa warudi kwenye vijiji ambako nyumba haziko tena. Masisi ilikuwa inatoa maziwa na jibini. Rutshuru ilikuwa inatoa maharagi ya kulisha Goma na kupelekwa mbali. Leo mlimaji wa Rutshuru aliyeacha shamba lake ananunua unga kwa vikopo. Huyo anashirikiana na nani? Anauza nini? Hana cha kuuza. Amegeuzwa mteja wa lazima.

Kisha mtu anakuja kutuambia: "Muone, biashara inatembea, magari yanavuka, uchumi unaungana." Ndiyo, magari yanavuka. Lakini Durkheim angeuliza: yanavuka kwa ukubali wa nani? Upande moja kuko mlimaji na muuzaji, upande mwingine kuko mkimbizi mwenye kununua. Ile si mwili wenye viungo. Ile ni mtu aliyembeba mwenzake ku mgongo, na mwenye kubebwa anasema "tunatembea pamoja".

Historia ilishatufundisha mara mbili

Somo la kwanza linatoka kwa majirani wetu. Mu mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania walianzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Walikuwa na reli pamoja, ndege pamoja, posta pamoja. Mu mwaka 1977 ilikufa. Kwa nini? Kenya ilikuwa na viwanda vingi zaidi, na wengine wakaona wanageuka soko lake tu. Tanzania ilishika ujamaa, Kenya ilishika njia ya ubepari. Na kisha Idi Amin kuchukua madaraka kwa nguvu mu 1971, Nyerere hakukubali kuketi naye ku meza moja. Wakagawana mali kama watu wanaoachana. Jumuiya ya leo ilizaliwa na mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999, ikaanza kazi Julai 2000. Mambo ya kukumbuka hapa: zile inchi tatu zilikuwa hazipigani wakati walipoanza. Hata hivyo nyumba ilianguka, juu faida ilikuwa inaelekea upande moja.

Somo la pili ni la kwetu. Tarehe 20 Septemba 1976, pale Gisenyi, Zaire, Rwanda na Burundi walianzisha CEPGL. Banki yake ya maendeleo iliwekwa Goma, ofisi ya nishati Bujumbura, utafiti wa kilimo Gitega. Wazazi wetu wanaikumbuka ile karatasi ya kusafiria ya CEPGL. Kwao ilikuwa kitu cha kawaida. Kisha ikaja 1994, ikaja vita ya 1996, ikaja ya 1998. Yote ikalala. Mu mwaka 2007 walijaribu kuiamusha, lakini haikurudisha nguvu yake.

Kitu kimoja tu hakikulala kabisa: barrage ya Ruzizi II. Tangu 1989 inatoa umeme wa inchi tatu, karibu megawati 44, chini ya shirika moja la wote tatu, SINELAC, lenye makao Bukavu. Hatusemi ni paradiso. Munajua ni mara ngapi Bukavu inalala mu giza. Lakini tujiulize kwa nini ile barrage ilibaki ya watu watatu wakati jeshi za wale watatu zilikuwa zinaangaliana kwa bunduki. Sisi tunaona sababu mbili. Kila inchi ina sehemu yake inayojulikana. Na kuko mita: umeme unahesabika, kila mtu anaisoma ile namba, na yeyote akivunja mashine analala mu giza pamoja na wengine. Usawa ku meza, hesabu wazi. Hapo njo Durkheim angetambua mshikamano wake wa viungo.

Ruzizi II haikuzuia vita. Tuseme ukweli. Lakini inatuonyesha ushirikiano gani unabaki umesimama kisha moto kupita, na gani unabaki makaratasi.

Ulaya haikuanza na nyanya

Wakubwa wanapenda mfano wa Ulaya. Ufaransa na Ujerumani walipigana mara tatu mu miaka sabini na tano, leo wanapita mpaka bila kusimama. Ni kweli. Robert Schuman alitoa wazo tarehe 9 Mei 1950, na tarehe 18 Aprili 1951, kule Paris, inchi sita zilitia sahihi mkataba wa makaa ya mawe na chuma. Mwanachuo Ernst Haas aliandika juu yake mu mwaka 1958: ushirikiano ukianza mu kazi moja, unamwagikia mu kazi ingine, kama maji ya beseni iliyojaa.

Vizuri. Lakini angalieni ile beseni ya kwanza ilikuwa na nini. Hawakuanza na nyanya wala maziwa. Walianza na makaa ya mawe na chuma, vile vitu vyenyewe vya kutengenezea silaha. Waliviweka chini ya mamlaka moja ya pamoja, ili inchi moja isiweze kuficha hesabu. Na walifanya hivyo wakati vita vilikuwa vimekwisha. Siku ile ya saini, jeshi la Ujerumani halikuwa limekaa Strasbourg.

Kwetu, makaa na chuma ni coltan na zahabu. Mgodi wa Rubaya, mu Masisi, ulichukuliwa na M23 mwisho wa Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mu ripoti yao ya Desemba 2024 ya kama angalau tani 150 za coltan zilipitishwa kwa magendo kuingia Rwanda na kuchanganywa na ya kule. Serikali ya Kigali inakataa. Basi, njia ya kumaliza ubishi iko: tuanzie hapo. Tuanze na madini, si na nyanya. Mgodi ukaguliwe na watu wa pande zote, mfuko upimwe mbele ya macho ya wote, namba iandikwe pahali ambapo mwanafunzi wa Goma na mwanafunzi wa Kigali wanaweza kuisoma siku moja. Mtu anayesema anataka kuiga Ulaya na hataki kufungua hesabu ya madini, huyo anataka picha ya Ulaya tu.

Pembezoni ya pembezoni

Mu mwaka 1974 Immanuel Wallerstein alianza kuandika juu ya kile alichokiita mfumo wa dunia. Kuko kitovu, kunakotoka mashine na kunakobaki faida. Kuko pembezoni, kunakotoka mawe, mbao na jasho. Na katikati kuko inchi za nusu pembezoni: zinakamuliwa na wa juu, na zenyewe zinakamua wa chini. Miaka miwili mbele yake, mu 1972, Walter Rodney, aliyekuwa anafundisha Dar es Salaam, alikuwa ameonyesha ginsi Ulaya ilivyotengeneza umaskini wa Afrika. Umaskini wetu hautoki hewani, una fundi wake.

Woga wetu ni huu: ushirikiano wa eneo ukifanywa vibaya, Congo itageuka pembezoni ya pembezoni. Jiwe linatoka Masisi, linapewa karatasi na jina ng'ambo, linaenda viwandani Asia, linarudi ndani ya ile simu unayosomea maneno haya. Mchimbaji anabaki na franga za kununua bugali. Kati yake na kitovu kuko mikono mingi, na kila mkono unabaki na kitu.

Angalieni pia soko. Jumuiya ya Afrika Mashariki inasema ni soko la watu zaidi ya milioni 300. Ina ushuru wa pamoja kwa vitu vinavyotoka inje ya Jumuiya, na tangu Julai 2022 daraja la juu ni 35 kwa mia. Ushuru kama ule unalinda viwanda. Swali letu: viwanda vya nani? Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wana vyao. Sisi tunaweza kupata soko la kununulia, na tukakosa la kuuzia. Wa kwetu anayetengeneza sabuni mu parseli yake, bila umeme wa kuaminika, atashindana vipi na sabuni inayofika kwa lori?

Hatusemi haya ili tulie. Wallerstein hakuandika laana. Nafasi zinabadilika, kuko inchi zilizokuwa chini na leo ziko juu. Lakini hazibadiliki zenyewe, na hazibadilishwi na mtu aliyeketi mu Kinshasa akingoja asilimia yake.

Kwa wenzetu wanaosema "fungeni mpaka"

Tunaijua hasira yenu, juu ni yetu pia. Kati yetu kuko waliozika ndugu. Kuko wanaoandika hapa wakiwa mbali na nyumbani, na funguo ya nyumba bado iko mu mfuko.

Lakini tuambiane ukweli. Ukifunga Petite Barrière, nani anaumia kesho asubuhi? Mama wa Birere. Coltan haipiti pale ku kichwa cha mama. Bunduki hazipiti pale ndani ya beseni ya karoti. Wenye magendo makubwa wana njia zao, na njia zile hazijui saa tisa. Kufunga mpaka mdogo ni kumpiga mtoto juu ya kosa la mkubwa asiyepatikana.

Na kuko kitu kingine, kizito zaidi. Kuhoji serikali ya jirani si kumchukia mama wa Gisenyi. Kupinga M23 si kumuwinda Mcongomani mwenzako anayesema Kinyarwanda. Huyo si mpaka unaotembea. Ni raia kama wewe, na kijiji chake kimechomwa kama chako. Anayetaka kutugawanya hivyo anavunja ule udongo ambao biashara, amani na inchi yenyewe vimepandwa ndani yake. Tukiupoteza ule, hata siku vita vikiisha hatutakuwa na pa kupanda.

Na sisi wenyewe je?

Ni rahisi kulaumu Kigali, Kampala na Washington. Tujiangalie pia. Ile anomia ya Durkheim, ile hali ya kukosa sheria inayojulikana, tuko nayo nyumbani.

Tangu 2002 kuko dekre inayosema ya kama ku mipaka ya Congo huduma zinazoruhusiwa ni nne tu: duane, uhamiaji, ukaguzi wa bidhaa, na usafi wa afya. Nne. Uliza mchuuzi yeyote, wa Kasindi, wa Kavinvira, wa Kasumbalesa ao wa Mahagi, alipita mbele ya mikono mingapi mwaka huu. Atacheka mbele ya kujibu.

Inchi yetu iko mu jumuiya tano: EAC, SADC, COMESA, CEEAC na CEPGL. Tano! Tumetia sahihi kila pahali, kama mtu anayeingia mu kila likelemba ya mtaa na hatoi mchango hata mu moja. Sheria za EAC zina mpango wa biashara rahisi: bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya, zisizopita thamani ya dola 2.000, zinapita na cheti chepesi bila ushuru wa duane. COMESA pia ina wake. Nani amemueleza mama? Kwa lugha gani? Kama mama hajui haki yake, yule anayesimama mbele yake njo anageuka sheria.

Na barabara. Lori linatoka Mombasa linafika Goma. Lakini Goma na Kinshasa haziunganishwi na barabara hata moja ambayo gari linaweza kuitegemea mwanzo mpaka mwisho. Tunataka kuungana na bahari mbili, na hatujaungana sisi kwa sisi. Hiyo haikuletwa na jirani.

Tunadai nini

Sisi hatupingi ushirikiano. Tunapinga ushirikiano wa kulazimishwa. Juu ya hiyo tunadai mambo matano.

La kwanza: askari watoke, wakimbizi warudi, kisha soko lifunguliwe. Mpango wowote wa kiuchumi usitekelezwe juu ya mgongo wa watu walio chini ya bunduki, iwe bunduki ya nani.

La pili: hesabu ya madini iwe wazi. Kuwe daftari moja la pamoja la coltan na zahabu, linalosomwa na raia wa pande zote. Pasipo mita hakuna Ruzizi.

La tatu: wachuuzi wapewe kiti. Wamama wa mipakani, walemavu wenye vigari, wenye chukudu, wavuvi wa ziwa wawe ku meza, si ku picha ya mwisho ya mkutano.

La nne: ku kila mpaka huduma nne, bei iandikwe ku ukuta kwa Kiswahili na Kifaransa, risiti kwa kila franga.

La tano: faida igawanywe kwa namna inayoandikwa. Kama madini yanatoka kwetu, basi sehemu ya kuyasafisha na kuyatengeneza ijengwe kwetu, na umeme wake ujengwe. Jumuiya ya 1967 ilikufa juu ya kutomaliza swali hili. Tusilifiche chini ya mkeka mara ya pili.

Na wewe unayesoma, uko na kazi ndogo. Wiki hii keti na mchuuzi moja, mama yako ao jirani. Muulize: alivuka mara ngapi, alilipa nini, alipewa risiti ao hapana. Andika siku na kiasi. Usiandike jina lake wala la yule aliyepokea. Hatutaki mtu aumie juu ya karatasi yetu. Mueleze ule mpango wa cheti chepesi. Kama uko Kampala, Nairobi ao Bujumbura, fanya vilevile upande ule, na uzungumze na vijana wa pale, juu wao pia wanaambiwa wimbo ule ule. Tukiwa na madaftari elfu moja kama yale, siku wakubwa watakapokuja kutuambia "uchumi umeungana", tutakuwa na kitu cha kuweka ku meza.

Mkataba unaweza kuandikwa Washington, Nairobi ao Arusha. Lakini unasomwa ku Petite Barrière, saa kumi na mbili asubuhi, na mama mwenye beseni ku kichwa. Akiweza kupita, kuuza, kulipa deni na kurudi mbele ya giza bila kuomba huruma ya mtu, tutajua ya kama ni ushirikiano. Mpaka siku ile, tutaendelea kuuliza.

Tuko pamoja.